Gauni la Anarkali, na bibi aliyeiona senema yake



Wiki haipiti dukani kwetu bila ya mtu kuja na simu mkononi, akatuonesha picha na kusema, "Nataka Anarkali kama hii, ya usiku wa hina." Gauni lenyewe mnalijua. Juu limekaa mwilini mpaka chini ya kifua, mikono mirefu, na kuanzia hapo linafunguka vipande vipande kama mwavuli mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lina stara na linampendeza mnene na mwembamba. Tumeyashona mengi mpaka hesabu imetupotea. Lakini kwa miaka yote hiyo hatukuwa tukijua huyo Anarkali ni nani.

Tulikuja kujua kwa aibu, na leo tunataka kuwasimulia, kwa sababu aliyetufunza hayupo tena.

Bibi harusi mmoja alituletea kitambaa zikiwa zimebaki siku tisa. Wiki ile tulikuwa na maharusi watatu. Tukakata vipande kumi na sita, tukaunga, tukatia bitana, tukapiga pindo siku ile ile. Mwenye kujua cherehani atatucheka hapa. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari huvutika. Gauni la mwavuli lazima litundikwe siku mbili tatu, lijishushe lenyewe, ndipo ulisawazishe na kupiga pindo. Hilo tulifundishwa mwezi wa mwanzo wa kozi. Tulilijua na tukalipuuza.

Siku ya kulichukua, bibi harusi akalivaa mbele ya kioo. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka vidole vitatu kuliko wa kulia. Akaanza kulia. Alikuwa amefuatana na bibi yake mzaa mama, mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya kwenye kigoda tangu tulipomwamkia. Bibi akanyoosha mkono, akalishika pindo, akalitazama kwa muda, kisha akasema:

"Usilie, mjukuu wangu. Litafumuliwa. Anarkali mwenyewe hakuolewa, na nguo zake hazikushonwa kwa siku tisa."

Tukafumua pindo huku tukimuuliza. Yeye akawa anasimulia, na mmoja wetu akawa anaandika nyuma ya kitabu cha risiti. Mengine tumeyasoma baadaye sisi wenyewe.

Jumapili za wanawake

Bibi aliiona senema hiyo Majestic, pale Vuga. Wengi wetu tunapita pale kila siku tukiliona jengo kuukuu lililochakaa, hatujui lilikuwa nini. Mahali pale mwaka 1921 lilifunguliwa jumba la senema la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, Muingereza yule yule aliyechora Beit el Amani na Mahkama Kuu ya Vuga. Royal iliungua moto, na katikati ya miaka ya 1950 ikajengwa Majestic tunayoiona leo, kwa mtindo mpya wa wakati ule.

Na msidhani senema ilikuwa ya wanaume peke yao. Unguja kulikuwa na maonesho ya wanawake tu, na bibi alituambia wao walikuwa wakienda Jumapili. Mwanamume haingii. Mama, mashangazi, wari waliokwisha kuwekwa ndani, majirani wa mtaa mzima, wote wanatoka pamoja na mabuibui yao. Ndani mabuibui yanafunguliwa, na chini yake kila mmoja amevaa nguo yake nzuri kama anayekwenda harusini. Watoto wanapakatwa. Njugu na ubuyu vinapita kutoka mkono hadi mkono.

"Kihindi hatukijui," alisema bibi, "lakini kilio tunakijua."

Filamu walizozipenda zaidi zilikuwa za India. Walimjua Raj Kapoor, aliyeongoza na kucheza katika Awaara ya mwaka 1951. Walimjua Nargis, hasa katika Mother India ya mwongozaji Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ambayo ndani yake mama anamsimamia mwanawe mpaka kwenye uchungu mkubwa kabisa. Nyimbo za filamu hizo ziliingia mpaka katika taarabu zetu. Na nguo zake ziliingia kwa mafundi. Bibi alisema Jumatatu asubuhi fundi wa mtaani kwao alikuwa anajua filamu gani imeoneshwa jana, kwa namna wanawake walivyomuelezea mikono na shingo wanazozitaka. Hawakuwa na picha kwenye simu. Walitazama kwa macho, wakaweka kichwani, wakamchorea fundi hewani kwa kidole.

Sisi tukatazamana. Kumbe kazi yetu ina ukoo.

Mwongozaji aliyeanzia kwenye sindano

Filamu ya Anarkali aliyoizungumzia bibi ni Mughal-e-Azam, yaani Mkuu wa Mamughali, iliyotoka Bombay tarehe 5 Agosti 1960. Mwongozaji wake ni K. Asif. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Etawah, kaskazini mwa India, katika familia ya Kiislamu. Husimuliwa kwamba alipofika Bombay akiwa kijana, mjomba wake aliyekuwa mwigizaji alimfungulia duka la ushonaji kabla hajaingia kwenye filamu. Tuliposoma hayo tulipiga vigelegele dukani. Fundi mwenzetu!

K. Asif alikamilisha filamu mbili tu katika maisha yake: Phool ya mwaka 1945, na hii. Ya tatu aliiacha njiani alipofariki mwaka 1971. Watu wanaweza kusema mtu wa filamu mbili ana nini cha kukumbukwa. Lakini hii ya pili ilimchukua zaidi ya miaka kumi na tano tangu alipoianza katikati ya miaka ya 1940.

Alianza na waigizaji wengine kabisa. Nargis ndiye aliyekuwa awe Anarkali. Kisha ikaja mwaka 1947, India ikagawanyika, na tajiri aliyekuwa akitoa fedha akahamia Pakistan. Kazi ikasimama. Mwaka 1949 mwigizaji aliyekuwa acheze kama mfalme akafariki. Mtu mwingine angesema hii si riziki yangu. Asif akangoja mpaka akapata tajiri mwingine, Shapoorji Pallonji, mwenye kampuni ya ujenzi, akaanza upya tangu mwanzo na waigizaji wapya: Prithviraj Kapoor kama mfalme Akbar, Dilip Kumar kama mwana mfalme Salim, na Madhubala kama Anarkali.

Sasa sikilizeni habari ya nguo, dada zetu. Mafundi wa kushona waliletwa kutoka Delhi. Watarizi wa zari walitoka Surat na Khambhat. Mapambo ya dhahabu yalitengenezwa na masonara wa Hyderabad, mataji yakatoka Kolhapur, silaha zikafuliwa na wahunzi wa Rajasthan, na viatu vikashonwa Agra. Kila mji uliombwa kitu kinachojulikana kwao. Katika vita vya Salim na baba yake walitumika ngamia 2,000, farasi 400 na askari 8,000, wengi wao wakiazimwa kutoka jeshi la India.

Na mnyororo anaofungwa Anarkali gerezani ulikuwa wa chuma kweli, mzito. Asif hakutaka wa kuigiza. Alitaka uzito uonekane mwilini, si usoni tu.

Nyumba ya vioo

Bibi alituambia kwamba filamu ile ilikuwa nyeusi na nyeupe, na wao wakazoea. Kisha ghafla, bila ya kutarajia, ukumbi mzima ukapiga ukelele, kwa sababu rangi zimeingia. Sisi tulidhani bibi amechanganya na filamu nyingine. Hakuchanganya. Filamu nyingi za wakati ule zilikuwa hazina rangi, na Asif alipiga kwa rangi sehemu chache tu. Kubwa katika hizo ni ile ya Sheesh Mahal, Nyumba ya Vioo, ambamo Anarkali anasimama mbele ya mfalme na kumuimbia kwamba mwenye kupenda hana cha kuogopa.

Chumba kile kilijengwa studio kwa muda wa miaka miwili. Urefu wake ni kama mita 45, upana mita 24, kwenda juu mita 11, na kimejaa vioo vidogo vidogo vya rangi vilivyoagizwa Ubelgiji. Kilipokamilika ikatokea balaa. Taa zikiwashwa, vioo vyote vinarudisha mwanga kwenye kamera na hakionekani kitu. Wataalamu wa nje waliambiwa waje watazame, wakasema haiwezekani kupiga picha humu.

Basi wakavipaka vioo nta nyembamba ili visimeremete sana. Na mpiga picha, R. D. Mathur, akatumia vitambaa, akivitundika mahali maalumu, taa akazielekeza kwenye vitambaa badala ya kuzielekeza kwa waigizaji. Mwanga ukapiga kitambaa, ukarudi umelainika. Tatizo lililowashinda wataalamu lilimalizwa kwa nta na nguo. Na mwisho wa wimbo, Anarkali akizunguka, sura yake inaonekana juu kwenye dari, katika kila kioo, Anarkali mmoja amekuwa wengi, na mfalme kila anapotazama anamuona yeye.

Hapo ndipo lile gauni linapofunguka kama mwavuli. Mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko filamu, ni wa majumba ya wafalme na wachezaji wa ngoma zao kaskazini ya India. Lakini jina la Anarkali limeshikamana nao, na filamu hii ndiyo iliyoutia machoni mwa dunia.

Anarkali hakuolewa

Sasa tufike kwenye neno la bibi.

Akbar alikuwa mfalme wa kweli, na Salim mwanawe pia ni wa kweli. Ndiye aliyetawala baadaye kwa jina la Jahangir. Anarkali ni wa masimulizi. Kisa chake kilijulikana sana kutokana na mchezo wa kuigiza wa Kiurdu ulioandikwa na Imtiaz Ali Taj mwaka 1922. Jina lake maana yake ni tumba la ua la komamanga.

Katika filamu, Anarkali ni msichana wa jumba la mfalme, mcheza ngoma. Mwana mfalme anampenda na anataka kumuoa. Mfalme anakataa: mtumishi hawezi kuwa malkia wa India. Anamfunga. Salim anaasi, anapigana na baba yake, anashindwa, anahukumiwa kufa. Anarkali anajitoa ili Salim asalimike. Hukumu yake ni kujengewa ukuta akiwa hai. Anaomba kitu kimoja tu, usiku mmoja avae kama malkia. Anavishwa, anapambwa, taji linawekwa kichwani. Usiku ule unakwisha kwa yeye kumlevya Salim kwa harufu ya ua lililotiwa dawa, kama alivyoamrishwa, na asubuhi anachukuliwa. Mfalme anamuachia kwa siri kupitia njia ya chini ya ardhi, kwa sababu zamani alimuahidi mama yake jambo. Lakini sharti lake ni kwamba Salim asijue mpaka kufa kwake. Filamu inakwisha bila ya ndoa.

Kwa hiyo, mpenzi bibi harusi, gauni unaloliita Anarkali lina jina la msichana aliyepambwa bila ya kuolewa.

Hatusemi usilivae. Sisi tunalishona na tunakula kwalo, alhamdulillah. Tunasema lijue. Bibi alipolitaja jambo hili alimgeukia mjukuu wake, pindo likiwa bado mikononi mwetu, akamuuliza mbele yetu, "Wewe umeulizwa?" Alikusudia kuulizwa ridhaa yake. Binti akafuta machozi, akasema, "Nimeulizwa, bibi. Nimekubali mwenyewe." Bibi akatikisa kichwa. "Basi wewe umemshinda Anarkali."

Hilo ndilo lililotushika. Tumewahi kushona nguo za maharusi wanaokuja wamefurahi, na tumewahi kushona za wanaokuja kimya, wanapimwa kiuno kama mti, mama ndiye anayejibu kila kitu. Fundi huona mengi akiwa na futi mkononi. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kuulizwa kabla ya kuozwa. Katika filamu, watu wote wanazungumza juu ya Anarkali: mfalme, mwana mfalme, mama wa mwana mfalme, mwanamke mwenye wivu aliyemchongea. Hakuna anayekaa naye chini akamuuliza yeye anataka nini. Ndiyo maana wimbo wake katika nyumba ya vioo unachoma. Ni mara moja tu anayopata kujisemea.

Moyo wa Madhubala

Jambo moja jengine bibi alilijua, na sisi tukaja kuthibitisha. Madhubala hakuwa akiigiza ugonjwa. Jina lake la kuzaliwa ni Mumtaz Jehan Begum, binti wa Kiislamu aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, na alianza kazi ya filamu akiwa mtoto ili ailishe familia yake. Alizaliwa na tundu katika moyo. Alivaa ile minyororo mizito akiwa na moyo mgonjwa. Na yeye na Dilip Kumar walikuwa wamependana kweli, baba yake akaingia kati, wakaachana, na ulipofika mwisho wa kupiga filamu walikuwa hawasemezani. Tazameni macho yao kwa elimu hiyo mtaona mengine. Alifariki Februari 1969, akiwa na miaka 36. Mungu amrehemu.

Ukitaka kuitazama

Wapo watakaotuuliza, je, inafaa? Kila mmoja anaijua nafsi yake na nyumba yake. Humo mna ngoma mbele ya wanaume, na mna mapenzi kabla ya ndoa, na hayo hatuyaigi. Lakini tunaona mna haya ambayo filamu nyingi za leo zimeipoteza. Mapenzi mashuhuri kabisa ndani yake ni Salim kumpitishia Anarkali unyoya usoni, nyuma yake akiimba ustadhi mkubwa Bade Ghulam Ali Khan, aliyelipwa rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, wakati waimbaji wakubwa wa filamu walikuwa hawapati hata elfu. Basi.

Ushauri wetu ni huu. Tafuteni usiku mtulivu, kwa kuwa filamu ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Mwaka 2004 ilitolewa ikiwa imetiwa rangi yote, lakini mkiipata ile ya asili, anzeni na hiyo, ili rangi ikiingia mpige ukelele kama bibi zetu. Msitazame hadithi tu. Tazameni kitambaa kinavyoanguka, mwanga unatoka wapi, mwongozaji amenyamaza wapi. Mwanzoni Anarkali anasimama kama sanamu, amefunikwa, mpaka Salim anapopiga mshale na kumfunua. Mwongozaji ametungojesha tumuone, kama tunavyongojeshwa ukumbini mpaka bibi harusi afunuliwe.

Na ikiwa mna bibi au shangazi mkubwa, mketisheni karibu nanyi. Msimuoneshe tu, muulizeni. Mlikwenda na nani? Mlivaa nini? Mlilia wapi?

Gauni la binti yule tulilitundika siku tatu. Tulilisawazisha usiku, tukapiga pindo kwa mkono, hatukuchukua hata shilingi ya ziada, na usiku wa hina lilizunguka sawasawa pande zote. Tangu siku ile dukani kwetu gauni la mwavuli haliahidiwi chini ya wiki tatu, na anayelitaka kwa siku tisa tunamwambia ukweli, aende kwengine au achague mshono mwengine. Tumepoteza wateja kwa hilo.

Bibi yule alitutoka mwaka jana. Alikuwa ametuahidi kurudi atusimulie na habari za Awaara, na kila tukiahidiana wiki, wiki ile tulikuwa na kazi nyingi. Tulichobaki nacho ni kurasa nne nyuma ya kitabu cha risiti. Jengo la Majestic lina watu wanaopigania likarabatiwe, na Mungu awasaidie, lakini waliokaa ndani yake wakafungua mabuibui yao siku za Jumapili wanaondoka mmoja mmoja.

Allah amrehemu, na awarehemu wote waliotutangulia. Na maharusi wetu, Allah awajaalie ndoa za kheri, zenye ridhaa na utulivu. Amin.